Keki niliyoificha kabatini

Mwaka jana binti yangu alipotimiza miaka 7, nilituma picha za sherehe yake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa mume wangu. Keki ilikuwa ya pinki, ngazi mbili, ina maua ya krimu na jina lake limeandikwa kwa mwandiko wa kulala. Mawifi zangu wakamwaga makopakopa. Mmoja akaandika, "Wifi, kumbe mkono wako uko hivi na unatuficha!" Nikajibu kwa emoji ya kucheka, nikazima simu.

Keki ile sikuipika mimi. Tuliyoipika mimi na wanangu ilikuwa kwenye kabati la vyombo, imefunikwa kwa kanga, imeungua upande mmoja na imebonyea katikati kama godoro la zamani.

Wazo la kupika wenyewe lilikuwa la binti. Desemba iliyotangulia tulikwenda Tanga kwa mama yangu, na huko akamwona bibi yake akipika mkate wa kumimina. Mchele umelowekwa usiku kucha, umesagwa pamoja na tui zito, umetiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke mpaka unatoa mapovu. Unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, unapikwa kwa moto wa chini kwanza, halafu unapaliwa makaa juu ya kifuniko ili uso wake nao uive na kupata rangi. Kwa mtoto wa Dar es Salaam aliyezoea jiko la gesi, kuona moto umewekwa juu ya sufuria yalikuwa mazingaombwe. Bibi akampa upepeo. Alipepea mpaka jasho likamtiririka, na mkate ulipoepuliwa akamwambia kila aliyepita barazani, "Nimepika mimi na bibi."

Tuliporudi nyumbani akatoa ombi lake. Hakutaka gauni wala baiskeli. "Mama, bethdei yangu keki tupike wenyewe." Nikasema sawa, kama tunavyosema sawa kwa mambo ya miezi 5 mbele.

Mimi sikulelewa hivyo. Mama huyuhuyu anayempa mjukuu upepeo, wakati anatulea sisi alikuwa anauza maandazi. Aliamka saa 9 usiku kukanda. Unga ulikuwa mtaji, na mtoto aliyetia kidole kwenye unga uliokandwa alipata kofi la mkono papo hapo. Simlaumu. Kilo moja ya unga ikiharibika ilikuwa ndiyo mboga ya siku ile. Bethdei yenyewe hatukuijua. Ilikuwa ni kumwagiwa maji na wenzako shuleni na kurudi nyumbani umelowa, ukaulizwa umelowa wapi. Basi nimekua nikijua kwamba jikoni mtoto anapisha. Wajukuu wanapata mama ambaye sisi hatukumpata, na nadhani wengi mnaosoma hapa mnaelewa.

Sherehe ilipangwa Jumamosi ya Mei, saa 9 alasiri. Niliwaalika majirani, watoto wachache wa darasani kwake, na wenzangu 3 wa ofisini. Ukitaka kujua kosa langu lilianzia wapi, lilianzia kwa hao 3 wa ofisini.

Tukapika Ijumaa jioni. Baba yao alikuwa safarini Mbeya kikazi. Kipimo chetu kilikuwa kile rahisi cha robo: robo kilo ya siagi, robo ya sukari, robo ya unga wa ngano, mayai 4, vijiko vidogo 2 vya beking pauda, iliki ya kutwanga na ganda la limau lililokwaruzwa. Mwanangu mdogo, wa miaka 4 wakati ule, nilimpa chekeche. Unga ulioingia kwenye bakuli na ulioingia kwenye nywele zake sijui upi ulikuwa mwingi. Mkubwa akapewa mayai. Alipasua kila yai kwenye kikombe kwanza kabla ya kulimimina kwenye bakuli, kama bibi yake alivyomfundisha, ili yai viza lisiharibu mengine. La tatu lilikuwa viza kweli. Akaniangalia kama daktari aliyegundua ugonjwa. "Umeona, mama?"

Siagi na sukari tulivipiga kwa zamu kwa mwiko, mpaka rangi ikawa nyeupe. Hapa ndipo mtoto anafaa kuliko mashine, kwa sababu hachoki kuuliza "bado?" na wewe huachi kupiga. Hewa inayoingia katika hatua hii ndiyo inayosaidia keki kunyanyuka baadaye. Unga ukishaingia, mambo yanageuka: unachanganya taratibu na kuacha mapema, ukipiga sana keki inakuwa ngumu kama mkate wa jana. Wote wawili walitaka kulamba mwiko. Hilo sikukubali, maana mayai mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na unga usiopikwa nao si salama kama unavyoonekana. Nikawapa kipande cha limau walambe, wakakunja nyuso, tukacheka. Nakumbuka nilijiambia kwamba mambo haya si magumu kama nilivyodhani.

Keki iliingia kwenye oveni saa 1:40 usiku. Saa 2 kamili umeme ukakatika.

Anayepika keki anajua dakika ya 20 ina maana gani. Pembeni imeanza kushika, katikati bado uji. Moto ukiondoka hapo, hewa iliyoinyanyua inatoka kabla mayai na unga havijakaza, na keki inakaa chini. Tulisubiri kidogo gizani, mdogo akiimba wimbo wake wa shule, kisha nikakumbuka Tanga. Nikawasha jiko la mkaa uani. Nasema uani kwa makusudi: mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamekufa usingizini kwa ajili yake. Nikachukua sufuria kubwa, nikatia mchanga chini, nikaweka chombo cha keki juu ya mchanga, nikafunika, nikapanga makaa juu ya kifuniko.

Binti yangu alikuwa amesimama pembeni ameshika tochi ya simu. Akasema, "Mama, bibi huweka mengi juu, chini kidogo."

Nikamwambia apishe, ataungua.

Alikuwa sahihi. Sufuria tayari inakaa juu ya jiko, joto la chini linaifikia keki moja kwa moja. Ni juu ndiko kunakohitaji kuongezewa. Mimi niliacha jiko limejaa mkaa mwekundu, upepo nao ukawa unapiga upande mmoja. Na huku mdogo amefunua kifuniko mara mbili kuangalia "kama imeamka". Tulipoiepua, saa 4 kasoro, upande wa ukutani ulikuwa mweusi na katikati pamekuwa bonde.

Binti aliimulika. "Imetoka!" akasema. Hakusema imeungua, hakusema imebonyea. Alitaka tuipake krimu usiku uleule, nikamwambia kesho. Walilala na harufu ya iliki mikononi.

Mimi sikulala. Niliwaza wale 3 wa ofisini. Mmoja wao ni mtu wa kupiga picha kila kitu. Nikawaza sahani zangu zisizofanana, viti vya kuazima, na katikati ya meza lile bonde jeusi. Saa 12 asubuhi, kabla watoto hawajaamka, nikampigia dada mmoja anayepika keki nyumbani kwake mtaa wa tatu kutoka kwetu. Bahati mbaya alikuwa nayo, ya mteja aliyeahirisha. Shilingi 80,000, na jina ataandika bure. Pesa ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya viatu vya shule.

Binti alipoamka na kuikuta mezani, nilitumia ile sauti tunayoitumia wazazi tukijua tumekosea. "Hii ni ya wageni. Yetu tutakula wenyewe baadaye, sawa mama?"

"Sawa, mama," akasema. Akaizunguka meza mara moja, akaenda kuvaa.

Sherehe yenyewe ilikwenda kama sherehe zote zinavyokwenda. Maputo yalipasuka, mtoto mmoja alilia kwa kukosa puto la bluu, juisi ilimwagika kwenye mkeka. Bisi na karanga niliziweka juu ya friji, kwa sababu walikuwepo vitoto vya miaka 2 na 3 waliokuja na dada zao, na vitu hivyo huwapalia. Watu wa ofisini walifika, wakapiga picha, wakasifia.

Wakati wa kukata ukafika. Mtoto wa jirani, rafiki mkubwa wa binti yangu, alikuwa amehadithiwa wiki nzima kwamba keki itapikwa nyumbani. Akauliza kwa sauti, "Ndiyo hii mliyopika?"

Binti yangu hakujibu. Alinigeukia mimi. Wenzangu wa ofisini nao wakanigeukia.

Nikasema, "Ndiyo, ndiyo hii."

Watu wakapiga makofi. Binti akakata, ukafika wakati wa kulishana. Alinilisha kipande changu akiwa anaangalia bega langu.

Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemnyima katuni siku 3, kwa sababu alivunja chupa ya chai akamsingizia paka. Nilimpa na hotuba ndefu kuhusu ukweli. Basi usiku ule nilipokwenda kuzima taa, akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeulizia utaratibu tu, "Mama, wewe nani anakunyima katuni?"

Nikamwambia alale, amechoka.

Jumapili asubuhi mdogo akakumbuka. "Keki yetu iko wapi?" Nikaitoa kabatini. Sisimizi walikuwa wameshaanza kuiandama. Nikaikung'uta, nikakata upande ulioungua, nikaleta mezani na chai. Niseme ukweli sasa, kwa kuwa nimeshaanza: ilikuwa tamu kuliko ile ya pinki. Iliki ilikuwa imeingia mpaka ndani, na lile bonde la katikati lilikuwa laini na lenye unyevu. Mdogo alikula vipande 3. Binti akasema ameshiba, na alikuwa hajala kitu.

Baada ya hapo hakuingia jikoni kwa zaidi ya mwezi. Nikimwita tusukume chapati, ana kazi ya shule. Nikimwita apasue mayai, tumbo linamuuma. Hakununa, hakunijibu vibaya, ndiyo maana ilikuwa ngumu. Kulikuwa hakuna cha kumkemea.

Likizo ya Juni tukaenda tena Tanga. Siku moja watoto wakiwa wameenda kununua barafu za maji, nikamsimulia mama. Alicheka mpaka akaweka mbuzi ya nazi chini. Halafu akanisimulia la kwake, ambalo katika umri wangu wote sikuwahi kulisikia: mkate wa kumimina wa kwanza aliowapikia ukweni, Ramadhani ya kwanza ya ndoa yake, haukuumuka. Ukawa mgumu chini na uji juu. Aliwaza kuumwaga nyuma ya nyumba. Mkwewe akawahi kuuona, akauchota kwa kijiko kwenye visahani, akawapelekea wageni waliokuja kufuturu, akasema, "Huu kapika mkamwana." Mama anasema alitamani apotee. "Lakini kesho yake aliniita tena jikoni, nikaenda."

Kisha akaniuliza, "Mtoto umemwomba radhi?"

Nikashtuka. "Kumwomba radhi mtoto?"

"Mimi sikuwahi kukuomba wewe," akasema, akachukua mbuzi yake akaendelea kukuna nazi. Nilisubiri aendelee. Hakuendelea.

Usiku ule, tukiwa kitanda kimoja chini ya chandarua, nilimwambia binti yangu kwamba niliogopa watu wataniona sijui, nikaficha keki yake, na nikasema uongo mbele yake. Nikamwambia na la makaa, kwamba alikuwa sahihi na mimi nilimfukuza. Nilitarajia atanikumbatia kama kwenye filamu. Alikaa kimya, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Umwambie na rafiki yangu."

Wazazi wenzangu, kumwomba radhi mtoto wako gizani ni jambo moja. Kwenda kubisha hodi kwa jirani ili ukakiri kwa mtoto wa miaka 7 ni jambo lingine kabisa. Tuliporudi Dar es Salaam nilijifanya nimesahau kwa siku 9. Siku ya 10 binti aliniuliza kwa upole kama nimeshakwenda.

Nikaenda. Mama wa mtoto alikuwa anaanika nguo, yeye anacheza rede na wenzake. Nikamwita, nikachuchumaa, nikasema, "Siku ile ya bethdei uliniuliza kama keki ni yetu. Nilikudanganya. Ile tuliinunua. Tuliyopika ilikuwa ndani."

Akaniangalia kwa huruma. "Nilijua, mama. Ilikuwa na kile kibao cha dhahabu chini. Nyumbani kwenu hamna vile vibao." Akarudi kwenye rede. Mama yake alibana kicheko kwa kuuma kibanio cha nguo, na hadi leo tukikutana dukani ananiuliza kama nina kibao.

Jioni ile binti yangu alikuja jikoni bila kuitwa, akavuta kiti, akachukua kitunguu akaanza kukimenya. Hatukuzungumza lolote la maana.

Wiki iliyopita ametimiza miaka 8. Safari hii tuliacha oveni, tukapika kwa mkaa kwa hiari yetu. Kazi tuligawana: moto nashika mimi peke yangu, lakini anayesema makaa yaende wapi ni yeye. Mengi juu, chini kidogo, na mdogo akapewa saa aiangalie badala ya kifuniko, dakika 40 haruhusiwi kuinuka. Ilitoka imeinama upande mmoja, lakini haikuungua. Krimu ya siagi ndiyo iliyotuangusha. Kwa joto la Dar es Salaam, ukiipaka mapema na kuiacha mezani inaanza kuteremka, na maua yote aliyoyachora yakawa yamehamia kwenye sahani kufikia saa 9. Wa ofisini niliwaalika tena, walewale 3.

Picha nimezituma kwenye kundi la ukoo kama kawaida. Wifi mmoja akauliza kama fundi wa mwaka jana amehama. Hapo nikaandika habari yote, ujumbe mrefu, na mume wangu akausoma akiwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu. Akainua macho kwenye simu. "Kwa hiyo ile elfu 80 ya viatu..." Tutaongea, nikamwambia, wageni wapo.

Kabla ya kukata, yule rafiki yake alisogea mpaka mezani. Akainama, akachungulia chini ya keki. Hakukuwa na kibao cha dhahabu. Tulikuwa tumeiweka juu ya kifuniko cha hotpoti kilichogeuzwa.

"Haya," akasema, "kateni."